Msukumo wa Jamii na Masomo ya Watoto Wetu Wakati wa Korona

Mazungumzo katika semina ya viongozi wa walei na wazazi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tungependa lisahauliwe. Tangu nilipopewa mada hii, watu wawili wamekwisha kuniuliza: Mwalimu, korona imepita, watoto wamerudi darasani, ya nini kuyafukua ya kale? Jibu langu ni kwamba mambo haya hayajawa ya kale kwa kila mtu. Wako vijana katika vijiji vyetu ambao shule ilifungwa kwao mwaka 2020 na haijafunguliwa mpaka leo, ingawa milango yake i wazi na kengele inalia kila asubuhi. Hao ndio walionileta hapa mbele yenu.

Tuanze na tarehe, kwa maana kumbukumbu hudanganya. Jumapili tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote zifungwe. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake, na za bweni zikapewa mpaka Jumatano. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya usiku. Tarehe 8 Aprili sisi wa Kilifi, pamoja na ndugu zetu wa Mombasa na Kwale, tukakatazwa kuingia wala kutoka. Kisha mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo uhesabiwe kuwa umepotea. Watoto wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliitwa tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Kwa hiyo walio wengi walikaa nyumbani zaidi ya miezi tisa. Majirani zetu hawakufuata njia moja. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi na kuwarudisha wote kufikia tarehe 29 Juni mwaka uleule. Uganda ilikawia karibu miaka miwili, maana ingawa madarasa kadhaa yaliitwa katikati, shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Sasa, tukisema msukumo wa jamii, wazazi wengi hufikiri mara moja juu ya rika baya: vijana wa njia panda, muguka, simu za usiku. Hayo yapo, nami siyapuuzi. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha nimejifunza kwamba msukumo ulio mzito kuliko yote hauji na sura ya ubaya. Huja kama sifa au utani, au kama swali la jirani dukani. Huja kwa kinywa cha shangazi anayempenda mtoto kwelikweli. Na tena shule yenyewe ni msukumo wa jamii. Kengele, sare, mwalimu wa zamu, mwenzako anayekupitia alfajiri mwende pamoja, yote hayo humshika mtoto asiyekuwa na hamu yoyote ya hesabu akajikuta amefika darasani. Mwezi wa Machi 2020 mkono huo uliondolewa kwa siku moja, lakini ile mingine yote ikabaki pale pale, ikivuta.

Nitoe mfano mdogo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilirusha vipindi vya masomo kwa redio na televisheni katika miezi ile, na kazi hiyo ilikuwa njema. Nilikwenda siku moja kwa jirani saa nne asubuhi nikamkuta binti yake, msichana wa Darasa la 7, ameketi chini ya mwembe na redio ndogo na daftari. Hata robo saa haikupita, bibi yake akamwita: Wewe umekaa kusikiliza redio na mtungi hauna maji? Binti akaondoka. Sikuona ubaya kwa yule bibi, na pengine hata ninyi hamuuoni. Lakini tafakarini: mtoto yuleyule akiwa amevaa sare yake asubuhi ya Jumanne ya kawaida, bibi asingemwita kwa ajili ya mtungi. Sare humwambia kila mtu kwamba huyu ana kazi. Bila sare, mtoto anayesoma alionekana ni mtoto asiye na la kufanya, na mtoto mwenye haya hawezi kuvumilia kuonekana hivyo mbele ya watu wazima wanaohangaika. Somo la redio halirudiwi kwa ajili ya aliyekwenda kisimani. Akirudi anakuta kipindi kingine, na kesho hatafuta daftari tena.

Lile tangazo la Julai nalo, ambalo lilikusudiwa kuwaondolea wazazi wasiwasi, lilifanya kazi nyingine huku chini. Kijana aliyekuwa akijifunza kidogo kidogo jioni alipoambiwa kwamba mwaka umefutwa, alielewa kuwa amepewa ruhusa. Na wazazi tulielewa vivyo hivyo.

Hapa sina budi kusema habari ya nyumbani kwetu. Ndugu yangu alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya pwani. Mnajua wenyewe yaliyozipata hoteli zetu: wageni waliondoka kwa wiki chache, na wafanyakazi wakarudi vijijini na mabegi yao. Mwanawe alikuwa Kidato cha 2, umri wa miaka kumi na saba. Si mwanafunzi wa kwanza, lakini si wa mwisho pia. Baba yake alipokaa miezi mitatu bila mshahara, kijana akapata pikipiki ya mtu, akaanza bodaboda. Jioni moja alifika na mfuko wa unga, mafuta, na sukari kwa ajili ya bibi yake. Nilikuwapo. Nami, mwalimu wa miaka mingi, nikamshika bega mbele ya watu nikamwambia: Sasa umekuwa mwanamume.

Ndugu zangu, neno lile lilimwingia kuliko yote niliyomfundisha. Sikusema uongo, alikuwa ameilisha nyumba ya watu wanane. Lakini Januari 2021 mwanamume huyo alitakiwa kuvaa suruali fupi iliyombana miguuni, kuchomekea shati, kuomba ruhusa ya kwenda haja, na kukaa dawati moja na wavulana waliokuwa wakicheza mpira muda wote alipokuwa akibeba abiria. Alirudi katika kidato kilekile cha 2, kwa kuwa mwaka ulikuwa umepotea. Hesabu alizokuwa akizijua Machi alikuwa amezisahau, na katika jaribio la kwanza alipata alama ambazo hakumwonyesha mtu. Nje ya ua wa shule wenzake wa bodaboda walikuwa wakimpigia honi wakipita. Nyumbani, ile sukari ya bibi ilikuwa imekwisha, wala hapakuwa na aliyesema neno, na ukimya ule ulimsukuma kuliko maneno. Alikaa wiki tatu. Nilipomwuliza kwa nini ameacha, aliniambia kwa heshima kabisa: Baba mdogo, pale shuleni mimi ni mtoto.

Wengi tukiona kijana ameacha shule husema kwamba amependa pesa. Lakini kabla ya kuacha, alama zilishuka, na kabla ya alama kushuka kulikuwa na jambo lililokula akili yake akiwa darasani. Mwanafunzi anayehesabu kichwani kwamba saa hii angekuwa amepata shilingi mia mbili, na kwamba nyumbani watu wanamtazamia, hasikii somo. Amekaa mbele yako, macho yamekuangalia, lakini hayupo. Nimewafundisha wengi wa namna hiyo mwaka 2021, huku timboni na kwenye mashamba ya minazi nako wakijulikana kwa majina yao ya kazi. Tuliwaadhibu kwa uzembe.

Sasa niseme juu ya wasichana, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana jambo hili limetugusa sisi wenyewe.

Mwezi wa Juni 2020 habari zilienea nchi nzima kwamba katika Kaunti ya Machakos wasichana karibu 4,000 walikuwa wamepata mimba katika muda wa miezi mitano, na kwamba korona ndiyo iliyoleta maafa hayo. Habari hiyo ilitufikia hata huku, nasi tulihubiriana juu yake. Baadaye waliochunguza vizuri walionyesha kwamba hesabu ile ilikuwa ya wasichana wote wa miaka 10 hadi 19 waliokwenda kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza tangu Januari, yaani tangu shule zilipokuwa bado wazi, na ndani yake wamo hata wenye miaka 18 na 19. Tena miezi hiyohiyo ya mwaka 2019 hesabu haikuwa pungufu. Hii haimaanishi kwamba lilikuwa jambo dogo. Ni kwamba lilikuwako siku zote, nasi hatukulitazama, na tulipolitazama tulimtafutia mkosaji mpya. Huku kwetu tumezoea kulaumu disko matanga. Lakini katika miezi ile mazishi yalikuwa ya watu 15 tu, muziki wa usiku hapana, wala mimba hazikukoma. Yafaa tuanze kuwatazama pia wanaume waliokuwa karibu zaidi na nyumbani, na mazungumzo hayo yanahitaji siku yake peke yake.

Je, kelele ile ilifanya nini kwa masomo? Kila msichana aliyekaa nyumbani akawa mshukiwa. Watu walimtazama tumbo kabla ya kumsalimu. Wazazi wengine, kwa kuogopa aibu, waliona afadhali kumwoza mapema au kumpeleka mjini kufanya kazi za ndani kuliko kungojea yatakayosemwa. Yaani hofu ya aibu ndiyo iliyowatoa shuleni hata wasichana ambao hawakuwa na mimba.

Na waliokuwa nayo? Sheria haikuwafungia mlango. Tangu mwaka 1994 utaratibu wa serikali ya Kenya unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi kusoma, na mwongozo mpya wa kuwarudisha shuleni ulitolewa mwaka huohuo wa 2020. Wenzetu wa Tanzania walitangaza ruhusa kama hiyo Novemba 2021. Kwa hiyo msichana wa Kilifi aliyekuwa amejifungua alikuwa na haki yake kwenye karatasi kabla ya korona kuingia nchini. Lakini kutoka nyumbani hadi shuleni kuna njia, na kando ya njia tumesimama sisi.

Namjua mmoja, sitamtaja, wala kigango chake. Alijifungua mwishoni mwa 2020 akiwa Darasa la 8. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, na mama yake akakubali kulea mtoto. Alifanya majaribio ya Januari, na mwalimu wake wa darasa ameniambia kwamba alama zake zilikuwa karibu sawa na zile za mwaka uliotangulia. Mimba haikumwondolea akili. Kisha mambo mawili yakafuata. Wazazi kadhaa waliwakataza binti zao kukaa naye dawati moja. Na baraza la kigango lilikutana likamwondoa katika kwaya, ili iwe funzo kwa wengine. Mimi nilikuwa mjumbe wa baraza hilo, nami niliinua mkono pamoja na wenzangu. Baada ya hapo mwalimu alianza kumwona akifika shuleni amechelewa, akipita njia ya nyuma ili asikutane na watu wa kisimani. Alama zilishuka Februari. Mtihani wa KCPE ulifanywa mwezi wa Machi 2021, naye hakuja kuufanya siku ya pili.

Baba wa yule mtoto mchanga alibaki katika kwaya. Hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Upo pia msukumo wa haraka, na huu uliwapata hata wale ambao nyumbani kwao hapakuwa na njaa. Ili kurudisha miezi iliyopotea, mwaka wa masomo wa 2021 ulifupishwa ukawa wa wiki 30 badala ya 39 za kawaida, likizo zikawa za siku chache, na mitihani ya KCSE ikafanywa mara tatu kati ya Machi 2021 na Desemba 2022. Karo ilidaiwa kila baada ya wiki kumi hivi, na mzazi aliyeuza mbuzi mwezi huu kisha mwezi wa tatu akauza mwingine hawezi kuacha kumkumbusha mwanawe bei ya mbuzi. Watoto wa wenye uwezo walikuwa wamesomeshwa nyumbani kwa intaneti, na wetu waliambiwa kila siku kwamba wenzao wamekwisha kumaliza silabasi. Maneno hayo tuliyasema kwa nia ya kuwatia moyo. Mtoto aliyekuwa na simu moja ya nyumba nzima, isiyokuwa na bando, aliyasikia kama hukumu iliyokwisha kutolewa.

Oktoba na Novemba 2021 mabweni yaliungua katika sehemu nyingi za nchi, mpaka Wizara ikawapeleka wanafunzi nyumbani kwa mapumziko mafupi. Mimi siungi mkono mwanafunzi anayewasha moto mahali wenzake wanapolala. Ni kosa kubwa na limewahi kuua. Lakini niliona jinsi watu wazima walivyogawana kazi ya kulaumu. Wazazi waliwalaumu walimu, walimu wakawalaumu wazazi, na wote pamoja wakalaumu bangi. Ni wachache waliotaja ratiba.

Mtu atasema: Mwalimu, mbona matokeo hayakuanguka? Swali hili ni la haki, nami nililiuliza pia. Matokeo ya KCSE ya 2020 yalipotangazwa Mei 2021, waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa 143,140, na mwaka uliotangulia walikuwa 125,746. Wengine walishangilia wakasema korona haikudhuru kitu. Fikirini hali ya watahiniwa wale. Waliitwa shuleni Oktoba kabla ya wadogo zao, wakawa na walimu wote wa shule kwa ajili yao peke yao karibu miezi mitatu, madarasa yametulia, na kila mtu kijijini akiwaombea mema. Yaani hao walipewa msukumo uliowaelekeza upande wa masomo. Hesabu ile yaonyesha vizuri kwamba mtoto aliyepoteza miezi saba anaweza kusimama tena jamii ikimshika mkono. Ila matokeo huhesabu aliyeketi kwenye chumba cha mtihani tu. Yule msichana wa siku ya pili, na yule mwana wa ndugu yangu, hawakushusha wastani wa mtu yeyote. Hawakuhesabiwa.

Kwa hiyo nimewaletea maombi, wala si mafundisho, maana mmeona kwamba sina ubavu wa kumfundisha mtu katika jambo hili.

Jumuiya zetu hutembelea wagonjwa na wafiwa. Naomba katika ziara hizo tuulize pia habari ya kijana ambaye angekuwa amemaliza Kidato cha 4 kati ya 2021 na 2024 na hakumaliza. Tumwulize mwenyewe, si kwa kupitia mama yake, na tusimwulize mbele ya watu. Tusianze na swali la kwa nini aliacha. Tumwulize aliachia kidato gani. Wengi wao sasa ni wazazi, wana kazi zao, na hatutawavalisha sare tena. Lakini wapo watahiniwa wa kibinafsi, na vipo vituo vya elimu ya watu wazima, na mtu wa miaka ishirini na mitatu hana haja ya kuomba ruhusa ya kwenda haja. Tena muda wenyewe si mrefu. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na baada ya hapo mtihani ule walioujua na vitabu walivyovisoma vitaanza kuwa vigumu kupatikana.

Kuhusu lile azimio la kwaya, nimemwandikia mwenyekiti wa kigango nikiomba lirudishwe kwenye kikao. Wajumbe wawili wamekubali, mmoja amekataa, na wengine bado hawajanijibu.

Mwana wa ndugu yangu alinijia mwezi uliopita. Aliegesha pikipiki, akakaa kitambo akizungumza habari za mvua, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kufanya mtihani bila kurudi shuleni. Wenzake wa kidato walifanya KCSE Desemba 2022. Safari hii sikumshika bega. Tulikaa tukaandika kwenye karatasi vitu vinavyohitajika, tukagundua kwamba cheti chake cha KCPE kiko bado katika shule ya msingi aliyosoma, hajawahi kukichukua. Jumatano tunakwenda pamoja kukiomba. Mwenye kijana wa namna hiyo tuonane pale chini ya mkorosho baada ya chakula, aje na jina lake kamili, shule ya mwisho aliyosoma, na kidato alichoachia.